Kifungu cha Kumi na Tatu

Ngoma ilikuwa juu ya meza ya Inspekta Stamena Đokić tangu asubuhi, na kila aliyepita mlangoni alitamani kuipiga. Sajini Radisav alikwisha kuipiga mara mbili, na mara zote mbili alifokewa.

"Ni kielelezo, Radisav. Hatuko harusini."

"Najua, Afande. Lakini sikiliza mlio wake! Ningekuwa Demiran, ningeililia ngoma kwanza, paja baadaye."

Demiran mwenyewe alikuwa hospitalini, paja limefungwa bendeji, akiwasimulia wauguzi jinsi alivyopigwa risasi kwenye harusi ya watu. Harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi, kijijini Dobri Breg, nyumbani kwa bibi harusi. Kama ilivyo ada, tufaha lilitundikwa juu kabisa ya mlingoti, na bwana harusi alitakiwa aliangushe kwa bunduki ndipo atolewe mke wake. Bendi ya tarumbeta ikanyamaza ili alenge. Demiran akaitumia nafasi hiyo kupumzika kwenye rundo la kuni karibu na lango, ngoma yake kubwa akailaza mapajani. Msimamizi wa harusi akahesabu moja, mbili, tatu. Bunduki ikalia, tufaha likapasuka, watu wakashangilia, na katikati ya shangwe hiyo Demiran akapiga ukelele. Wengi walidhani na yeye anashangilia.

Bwana harusi hakungoja kutafutwa. Ognjen Stojkov, mwalimu wa darasa la tatu, alifika kituoni na suti yake ya harusi, ua likiwa bado kifuani, akasema ni yeye. Tangu hapo alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Mwalimu aliyemjeruhi mtu kwa bunduki harudishwi tena mbele ya watoto. Hilo kila mtu alilijua, na Ognjen alilijua kuliko wote.

"Amekiri, Afande," Radisav alisema. "Bunduki ilikuwa moja, aliyeishika mmoja, na amekiri kabla hajaulizwa. Faili limeshiba. Twende na sisi tukashibe."

Stamena hakuinuka. Alikuwa na maradhi ambayo hayakuwahi kupata dawa: jambo lisipomwingia akilini, hata chakula hakimwingii kinywani. Alifungua mkoba wake, akatoa soksi aliyokuwa akiifuma kwa miezi isiyojulikana mwisho wake, akachomoa sindano moja ndefu. Kisha akaivuta ngoma.

"Leta kofia yako. Weka pale. Hiyo ndiyo lango, na Ognjen amesimama hapo. Hiki kibakuli cha majivu ndicho mlingoti, katikati ya ua. Birika la kahawa ni nyumba, kule ng'ambo. Na ngoma inakaa hapa kwenye kuni, jirani na lango. Demiran anasema kifungo cha mkanda wa ngoma kilikuwa tumboni kwake na alikuwa anautazama mlingoti. Sawa?"

"Sawa. Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mtu wa kunyamaza."

Alipenyeza sindano kwenye tundu la risasi katika ngozi ya juu, akaitafuta njia polepole mpaka ikatokea kwenye tundu la ngozi ya chini. Akaiachia. Sindano ilisimama imeinama, na kichwa chake hakikuielekea kofia ya Radisav hata kidogo. Kilipita juu ya kibakuli cha majivu, kikaelekea kwenye birika la kahawa.

Radisav alikuna shingo. "Iligonga chuma, Afande. Tufaha linashikiliwa na pete ya chuma. Risasi ilipasua tufaha, ikagonga pete, ikarudi chini. Kijiji kizima kinasema hivyo."

"Kijiji kizima kilikuwa kimelewa. Ganda la risasi liko wapi?"

"Baba mkwe alilichukua liwe kumbukumbu. Ni harusi, Afande. Watu huchukua kumbukumbu."

"Huchukua maua," Stamena alisema, akaenda kumwona mfungwa.

Ognjen alikuwa amekaa wima kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Hakuwa na sura ya mtu mwenye majuto tu. Kulikuwa na kitu kingine usoni mwake, na Stamena alikitazama kwa muda kabla hajakitambua. Alikuwa na fahari.

"Bunduki ilikuwa ya nani?"

"Ya baba mkwe, mzee Borivoje. Alinikabidhi langoni ikiwa tayari imejazwa."

"Ilikusukuma bega?"

"Kidogo tu. Nilijiandaa kuanguka. Nilipokuwa mtoto baba yangu alinipa bunduki yake nijaribu, nikakaa wiki nzima siwezi kuinua mkono. Baba akasema huyu mpeni vitabu." Alicheka kidogo. "Inspekta, unamfahamu baba yangu? Nguruwe mwitu wa huko kwetu wakilisikia jina la Vojin wanahama wilaya. Na mimi sijawahi kupiga hata kopo."

"Mpaka Jumamosi."

"Mpaka Jumamosi." Uso ule ukarudi. "Alinikumbatia mbele ya watu wote. Alikuwa analia. Sijawahi kumwona baba yangu analia, hata mama alipofariki. Kwa hiyo nisikilize vizuri, maana wakili wangu hataki kusikia. Tufaha ni langu, na paja la Demiran ni langu. Siwezi kulichukua moja nikalikana lingine."

Stamena aliinama mezani, akanyoosha mkono, akabandua kitu kwenye ukosi wa ile suti. Kilikuwa kipande kidogo kilichokauka, cha rangi ya kahawia, chenye ganda jekundu upande mmoja.

"Tufaha," Ognjen alisema. "Lilinirukia. Watu wakasema ni baraka."

"Picha zipo?"

"Alipiga Bibi Višnja. Mambo ya picha aliyashughulikia mke wangu, mimi nilikuwa na hofu ya bunduki. Tumepewa kumi za mwanzo tu. Anazo baba."

Baba alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Mzee Vojin alikuja kila siku na mfuko wa bureki, mkate wa jibini uliofungwa kwenye gazeti, akakaa pale mpaka jioni, na akiulizwa anataka nini alijibu kwamba hataki kitu, anangoja tu. Wale wa zamu walikuwa wamekwisha kumzoea. Stamena alikaa kando yake, na mzee akazitoa picha kwenye mfuko wa koti alipoombwa.

Zilikuwa picha nzuri. Ognjen langoni. Ognjen na bunduki begani, amefumba jicho lisilofaa. Msimamizi na vidole vyake juu. Demiran kwenye kuni zake, mdomo wazi, anapiga mwayo. Stamena alizipanga magotini, akazipangua, akazipanga tena. Kuna kitu kilikosekana, na kilikuwa kikubwa kiasi kwamba jicho lilikipita bila kukiona.

"Picha nzuri," alisema.

"Nzuri," mzee alikubali. "Ila picha hazina mlio."

"Umesemaje, mzee?"

"Nasema tu, binti. Mtu akishakiri, hukumu yake inaweza kurudi nyuma?"

"Inategemea. Una la kuniambia?"

Vojin aliutazama mfuko wa bureki kama vile jibu lilikuwa limefungwa humo. "Hapana. Nangoja tu."

Studio ya Višnja Radenković ilikuwa katikati ya duka la dawa na fundi viatu, na mlangoni kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono: BILA MKATABA HATA TABASAMU SIPIGI. Mjini walimcheka. Walisema mama yake mzazi alipotaka picha ya pasipoti alisainishwa nakala mbili. Siku hiyo alikuwa na mteja wa pasipoti kweli, mwanamume mnene mwenye haraka, na alikuwa anasaini.

"Hii ni ya nini tena, Višnja? Tumesoma wote!"

"Ndiyo maana. Wewe ulikuwa unanakili kwangu. Saini."

Alipokwisha kumtoa yule mtu, alimgeukia Stamena. Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele amezipaka rangi nyekundu isiyojificha.

"Nahitaji picha za harusi ya Dobri Breg," Stamena alisema. "Zote. Hasa ya tufaha."

"Wewe ni mteja?"

"Mimi ni polisi."

"Nimeuliza kama wewe ni mteja."

"Bibi Višnja, kuna mtu kesho anapelekwa kwa mwendesha mashtaka."

"Na kuna mtu alisaini. Mwenye saini ndiye mwenye picha. Niletee mwenye saini, au niletee amri ya hakimu."

Amri ya hakimu ingetoka keshokutwa, na wote wawili walijua hivyo. Stamena hakugomba. Alichukua karatasi moja ya mkataba tupu juu ya kaunta, akaanza kuisoma kwa hamu ya kweli, maana alikuwa hajawahi kuona karatasi yenye ukali namna hiyo.

"Kifungu cha nne. 'Mpiga picha atakaa mezani na atapewa chakula cha moto.' Hiki kinatoka wapi?"

Višnja hakutaka kujibu, lakini hakuna fundi anayeulizwa habari za kazi yake akanyamaza. "Kinatoka jikoni. Miaka mingapi nimekula mkate nimesimama, nimebanana na masufuria, wakati mjomba wa mtu anatafuna nguruwe wa kuchoma mbele yangu?"

"Cha saba. 'Mpiga picha hawajibiki kwa mgeni aliyefumba macho.'"

"Shangazi mmoja. Harusi nzima amefumba. Wakasema nina chuki naye."

"Cha tisa. 'Wakiachana kabla picha hazijatoka, picha ni za aliyesaini.'"

"Huyo alikuwa mwanangu mwenyewe," Višnja alisema. "Nilimpenda sana yule mkwe."

Stamena alicheka, na yule mama akalegea kidogo. Akavuta kiti.

"Unajua kwa nini nilianza haya makaratasi? Harusi ya binamu yangu. Tulikubaliana kwa mkono na glasi ya pombe ya rakija, nani atasainishana na ndugu? Bibi yake akafariki wiki iliyofuata, picha yake haipo. Akasema niliahidi kumpiga. Nilisema sikuahidi. Pengine niliahidi! Nani ajuaye? Rakija haina kumbukumbu. Mpaka leo tukikutana sokoni yeye anatazama vitunguu, mimi natazama kabichi. Mali bila daftari hupotea bila habari, mwanangu, na undugu ni mali. Sasa watu wanasema Višnja hana imani na mtu. Mimi nataka tuendelee kusalimiana, basi."

"Kwa hiyo huvunji."

"Nikivunja mmoja, yote iliyobaki ni karatasi za kufungia samaki." Alimtazama Stamena usoni. "Nitakwambia moja ambalo halimo kwenye siri ya mtu. Mkataba wangu una vifungu kumi na viwili. Hesabu mwenyewe. Wao wana kumi na tatu."

Udadisi ukampanda Stamena mpaka kooni. Aliziona tena zile picha magotini, lango, bunduki, vidole, mwayo wa Demiran, na hapo lile lililokosekana likajitokeza lenyewe.

"Nyumba," alisema. "Picha kumi za kwa bibi harusi, na hakuna hata moja yenye nyumba. Wala dirisha, wala baraza, wala bibi harusi akichungulia pazia. Uliisahau?"

"Mimi? Nisahau nyumba ya bibi harusi?" Višnja aliinuka kabisa.

"Basi ulikatazwa kuitazama. Na video? Ulirekodi?"

Višnja alikaa tena. Akaanza kupangusa lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

"Ukimwona mteja wangu," alisema, "mwambie Višnja hakufungua mdomo."

"Hukufungua."

"Andika hivyo kwenye faili lako. Kwa maandishi."

Walifika Dobri Breg mchana, Radisav akiendesha huku akila mkate uliopakwa ajvar, rojo la pilipili, kwa mkono mmoja. Mlingoti ulikuwa bado umesimama katikati ya ua. Mzee Borivoje, baba wa bibi harusi, mtu mpana mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, aliwapokea langoni kwa heshima zote na hakuwaangalia machoni hata mara moja.

"Lile ganda la risasi, mzee. Tunalihitaji."

"Limepotea. Harusi, watu wengi, unajua."

"Najua. Radisav, ushushe mlingoti."

Ulishushwa taratibu ukalazwa kwenye majani. Pete ya chuma iliyoshika tufaha ilikuwa imepakwa rangi nyeupe kwa ajili ya harusi. Radisav alipiga magoti akaikagua, akaigeuza, akaipitishia ukucha pande zote. Rangi ilikuwa nzima. Hakukuwa na mkwaruzo.

"Haikugonga kitu," alisema kwa unyonge, na kwa heshima yake lazima isemwe kwamba hakujaribu kuitetea tena hoja yake.

Stamena alikwenda kukaa kwenye rundo la kuni, mahali pa Demiran, akapima mwinamo kwa sindano ya soksi kama alivyoupima mezani. Akafuata ncha kwa jicho. Ncha ilipita pale tufaha lilipokuwa likining'inia, ikapanda juu ya baraza, ikaishia kwenye dirisha dogo la darini, lenye mabawa mawili ya mbao yaliyofungwa. Darini kwa watu hawa hukaushwa pilipili na lozi, na mwezi kama huu hakuna anayefunga dirisha. Kisha akainama, akawasha kurunzi, akachunguza kati ya magogo. Kwenye gogo la mwaloni, usawa wa goti, kulikuwa na tundu jipya lenye kingo nyeupe.

"Radisav, leta patasi. Kuna kitu humu ndani."

Mlango wa nyumba ulifunguliwa. Tijana, bibi harusi, alitoka na sinia: kahawa, maji, na kijiko cha jamu ya cheri kwa kila mgeni, kama mama yake alivyomfundisha. Kurudi kwake nyumbani kwa baba kabla hata keki ya harusi haijaisha kulikuwa kumekipa kijiji maneno ya kutosha mpaka Krismasi. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Karibuni," alisema. "Baba, mbona hujawakaribisha?"

"Sikuja kwa baba yako," Stamena alisema. "Nimekuja kwa mteja wa Bibi Višnja. Ni wewe uliyesaini?"

"Amekwambia?"

"Hakufungua mdomo. Nimeagizwa nikwambie hivyo. Kifungu cha kumi na tatu kinasemaje, Tijana?"

Msichana aliiweka sinia juu ya kuni. Alikijua kwa moyo, kama mtoto anavyojua sala. "'Mpaka tufaha litakapoanguka, mpiga picha atasimama barazani, mgongo wake ukiielekea nyumba. Hatarekodi video wala sauti.'"

"Kwa nini?"

"Tijana, nyamaza," Borivoje alisema.

"Nimenyamaza tangu Jumamosi, baba, na angalia nilipo!" Akamgeukia Stamena, na maneno yakamwagika. "Ognjen hajui kupiga bunduki, dada. Tulikwenda porini tukajaribu, akaupiga mti ambao hata hatukuwa tunaulenga. Alikuwa halali usingizi. Si kwa ajili ya tufaha, kwa ajili ya baba yake. Alisema, nikikosa mbele yake na siku hiyo, basi nimekosa maisha. Nikamwomba baba. Baba ana jicho. Tukaweka risasi za baruti tupu, zisizo na kichwa, kwenye bunduki ya Ognjen, na baba akapanda darini na nyingine. Msimamizi akisema tatu, wote wanapiga pamoja. Bibi Višnja nilimwambia tu kwamba nyumba haijapakwa rangi, nina aibu. Hakuniamini, lakini aliandika."

"Yeye Ognjen hakujua."

"Hakujua! Hajui mpaka sasa! Anadhani alilipiga. Ungemwona alivyonitazama nilipotoka ndani. Alikuwa mtu mwingine." Alijifuta pua kwa mkono. "Na Demiran alipoanguka, kabla sijafungua mdomo, Ognjen alikuwa ameshakwenda kituoni. Nikisema, namtoa gerezani na namnyang'anya lile tufaha. Na baba yangu anaingia mahali pake. Nilidhani watamtoza faini tu. Wakili alisema faini."

"Wakili hakufikiria shule," Stamena alisema.

Borivoje alikuwa amevua kofia. Aliigeuza mikononi mwake, akaiweka tena kichwani, akaivua. "Nilikuwa naliona tufaha tu," alisema. "Ndivyo ilivyo ukilenga, huoni kingine. Yule mpiga ngoma alikuwa upande wa pili na wenzake. Sikumwona akihama. Unajua kwa nini tulimwekea kijana baruti tupu, Inspekta? Asije akaumiza mtu."

Radisav, aliyekuwa tayari na utani mdomoni, aliumeza. Patasi yake ilitoa risasi kwenye gogo, imebonyea, ndogo kama punje ya mahindi.

Walipitia studio wakati wa kurudi. Tijana alisema ametoa ruhusa, picha zitolewe, mumewe yuko ndani. Višnja alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mashavu, akambusu mara tatu, kisha akamwekea karatasi na kalamu.

"Saini, mwanangu. Hata kwa hili. Hasa kwa hili."

Tijana alisaini. Picha ilitoka kwenye mashine ikiwa bado na joto. Ognjen alikuwa katikati, anaitazama kamera, moshi ukitoka kwenye mtutu wake. Juu, tufaha lilikuwa limepasuka, na vipande vyake vyote vilikuwa vikimjia yeye usoni. Kilichopigwa humkimbia aliyekipiga. Tufaha lile lilikuwa linaikimbia nyumba.

Kituoni, Borivoje aliingizwa chumba kimoja na Radisav kutoa maelezo, na Stamena akampeleka Tijana chumba cha pili. Mzee Vojin aliwatazama wakipita, akafunga mikono juu ya mfuko wake wa bureki.

Tijana alimweleza mumewe mwenyewe. Hakumficha kitu wala hakujitetea. Ognjen aliisikiliza habari yote huku ameishika picha kwa vidole viwili, na Stamena, aliyesimama mlangoni, aliiona ile fahari ikimtoka usoni kidogo kidogo mpaka ikaisha. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Katika kazi yake alikwisha kuwaambia watu wengi kwamba wana hatia, na ni wachache walioumia kama huyu aliyeambiwa hana.

"Kwa hiyo sikulipiga," Ognjen alisema.

"Hukulipiga," Tijana alijibu. "Nisamehe."

"Na Demiran?"

"Hukumpiga. Hujampiga mtu yeyote, Ognjen. Utarudi darasani."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni na hataki kuonekana haelewi. Kisha akainua macho kwa Stamena.

"Baba yangu ameshaiona hii?"

"Bado."

"Nani atamwambia?"

"Itakuwa kwenye faili. Kijiji kitajua kabla ya Jumapili. Mimi naweza kumwambia kwa upole, ukitaka."

Ognjen aliilaza picha mezani, akaipigapiga kingo zake mpaka ikanyooka na pembe ya meza. "Hapana. Mwite. Nitamwambia mwenyewe."

Vojin aliingia na mfuko wake. Chumba kilikuwa kidogo, na yeye alikuwa mtu mkubwa, akabaki amesimama. Ognjen alisimama pia.

"Baba, lile tufaha..."

"Bunduki zilikuwa mbili," mzee alisema.

Tijana akageuka kumtazama.

"Mwindaji asiyeujua mlio wa baruti tupu na akafuge kuku. Yako ililia kama mlango. Ya Borivoje ililia darini." Alimtazama Stamena kana kwamba anamwomba radhi. "Nimekaa kwenye lile benchi natafuta namna ya kumtoa mwanangu humu bila kumnyang'anya lile tufaha lake. Kila asubuhi nilisema leo nitasema. Sikuipata namna, binti. Mimi si mtu wa maneno."

"Ulijua?" sauti ya Ognjen ilikuwa ndogo. "Tangu lini?"

"Tangu msimamizi aliposema tatu."

"Lakini ulinikumbatia. Ulilia, baba. Mbele ya watu wote."

Mzee aliweka bureki mezani, juu ya picha, ili mikono iwe mitupu.

"Nilikukumbatia wewe," alisema. "Tufaha nilijua ni la nani."